Orodha ya Mvinyo ni Stakabadhi

Nimefanya kazi mbili maishani, na wanaonijua kwa moja hushangaa wakisikia habari ya nyingine. Miaka ya mwanzo nilikuwa kwenye maghala ya korosho ya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, nikipima ubora wa mizigo ya vyama vya msingi. Baadaye nikaingia upande wa vinywaji, na mpaka leo hoteli na migahawa ya hadhi ya Dar es Salaam na Zanzibar hunipa orodha zao za mvinyo nizikague: kipi kibaki, kipi kiondoke, bei ipi haina aibu. Watu huiona hii kama safari ndefu, kutoka kwenye vumbi la magunia hadi kwenye glasi za shingo ndefu. Mimi naona nimebadilisha bidhaa tu, kazi ni ileile. Katika kumbukumbu hizi nataka kuitetea kanuni moja niliyotoka nayo kusini: orodha ya mvinyo ni stakabadhi ya ghala, na stakabadhi haihukumiwi kwa uzuri wa karatasi bali kwa mzigo uliolala nyuma yake.

Anayetoka katika wilaya zetu hahitaji maelezo marefu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingizwa kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, unasafirishwa hadi ghala kuu, kisha unauzwa mnadani. Kwetu minada hiyo huendeshwa chini ya RUNALI, chama kikuu kinachobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mnunuzi aliyeko mbali hanunui gunia analoliona, ananunua maneno yaliyoandikwa, na kinachoyapa maneno hayo uzito ni kisu. Sampuli huchotwa kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, huchanganywa, kisha hubaki kilo moja. Punje zake huhesabiwa, halafu hupasuliwa moja baada ya nyingine na kutengwa: kiini cheupe huku, chenye madoa huku, kilichosinyaa kule, kilichooza kule kabisa. Kizima huhesabiwa kwa uzito wake wote, chenye madoa kwa nusu, kibovu hakihesabiwi. Hapo ndipo hujulikana gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za korosho ya kuliwa. Ukishapasua kwa misimu kadhaa unaacha kuliamini ganda. Punje nono inayong'aa huweza kuwa na kiini kilichokauka kama mbegu ya tikiti, na iliyopauka ikawa na kiini cheupe kilichojaa.

Dunia ya mvinyo imeshawahi kuuziwa ganda, tena hadharani. Jarida la Wine Spectator la Marekani limekuwa likitoa tuzo za orodha za mvinyo za migahawa tangu mwaka 1981. Mwaka 2008 mwandishi Robin Goldstein alibuni mgahawa wa Milan usiokuwepo, akauita Osteria L'Intrepido, akalipa ada ya dola 250 na kutuma orodha. Katika sehemu ya mvinyo wa akiba, ile ya bei za juu, aliweka chupa za Italia ambazo jarida hilohilo lilikuwa limezipa alama duni. Tuzo ikatoka. Jarida lilijitetea kwamba lilifanyiwa ulaghai wa makusudi, na kwamba orodha kuu ilikuwa na mvinyo mzuri mwingi. Utetezi huo una ukweli wake, kwa sababu mlaghai ni mlaghai popote. Lakini mpimaji wa korosho hawezi kujitetea hivyo. Kazi yake ipo kwa kuwa walaghai wapo, wanaoweka nzuri juu ya gunia na kokoto chini. Anayetoa daraja kwa kusoma karatasi amepima mwandiko.

Basi orodha hupasuliwaje? Mimi huanza stoo kabla ya kufika mezani. Mvinyo hupenda kulala kwenye ubaridi wa nyuzi 13 hivi, gizani, bila kutikiswa, na chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke. Pwani yetu haina usiku wa namna hiyo, na mchana wa Nachingwea mwezi Novemba, mvua zikiwa bado hazijashika, hupita nyuzi 30. Kwa hiyo chupa ghali iliyosimamishwa kwenye rafu ya mapambo, chini ya taa, ndani ya chumba ambacho kiyoyozi huzimwa wateja wakiondoka, ni korosho iliyoanikwa ikanyeshewa. Utakuta kizibo chake kimesukumwa juu kidogo na karatasi yake ina alama ya mvinyo uliovuja. Kwenye orodha jina lake bado ni lilelile na bei ni ileile, ila kilichomo kimeshashuka daraja. Baada ya stoo nalinganisha mwaka ulioandikwa kwenye menyu na ulio kwenye chupa, kwani orodha nyingi hubaki na mwaka uliokwisha kuuzwa. Kisha nageukia glasi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za mililita 150. Palipo na mvinyo wa kuuzwa kwa glasi bila alama ya kipimo wala tarehe ya kufunguliwa chupa, mteja yuko kwenye kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa kipimo kisicho rasmi, na kangomba ni kangomba hata ikivaa tai.

Pingamizi la kwanza husema orodha ndefu ni heshima kwa mgeni, na mgahawa wa hadhi usiokuwa na majina 200 unajidhalilisha. Naelewa hamu hiyo, ila Nachingwea ni mahali pabaya pa kuniletea hoja ya ukubwa wa karatasi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mpango wake ulihesabu zaidi ya ekari milioni 3 za kufyekwa. Kwenye karatasi ulipendeza sana. Mvua, visiki na ugumu wa udongo havikuwemo kwenye hesabu, na kufikia 1951 serikali ya Uingereza ilikuwa imeuacha baada ya kuzamisha humo takriban pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo nayo ilifungwa katika miaka ya 1960. Orodha ya majina 200 katika mgahawa unaouza chupa tano kwa usiku ina ugonjwa uleule: chupa nyingi zitazeeka stoo zikingoja mteja asiyekuja. Urefu unaobebwa na mauzo na stoo nzuri ni sifa. Usiobebwa na chochote ni mzigo anaotwishwa mteja.

Pingamizi la pili hunigusa zaidi, kwa kuwa hutoka kwa ndugu zangu. Husema: achana na stoo, hukumu orodha kwa uzalendo. Iko wapi Dodoma? Yako wapi mabibo ya mikorosho yetu? Kuhusu Dodoma nakubali karibu yote. Mizabibu iliyoanzia kwa wamisionari wa Kiitaliano huko Bihawana katika miaka ya 1950 leo huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mgahawa wa Tanzania usioweza kumweleza mgeni zabibu ya Makutupora haujui uko wapi. Tena mvinyo wa Dodoma huja kwa barabara wala hauvuki bahari ndani ya kontena, kwa hiyo mwenye bidii anaweza kuupata ukiwa mpya. Mabibo yana kesi ngumu. Uraka, kinywaji cha maji yake, ni mtamu ukiwa wa leo, kesho umechachuka. Na gongo inayotoneshwa kutokana nayo, ile tunayoiita nipa, haina ruhusa ya sheria wala kipimo cha kuaminika, na pombe ya kienyeji isiyopimwa imeshaua watu. Huko Goa, India, ambako mkorosho uliletwa na Wareno kama ulivyoletwa kwetu, pombe ya mabibo iitwayo feni ilisajiliwa mwaka 2009 kama bidhaa yenye asili ya mahali. Huko walianza na kipimo, heshima ikafuata. Siku yetu ikifika nitakuwa wa kwanza kuiandika. Leo nikiiweka kwenye orodha kwa mapenzi, nitakuwa nimetoa stakabadhi ya ghala tupu.

Pingamizi la tatu ndilo la wasomi: korosho ina mzani na kipima unyevu, mvinyo una ulimi tu, na ulimi wa kila mtu ni wake. Kweli, siwezi kumwambia mtu apende mvinyo mkavu kama amezoea mvinyo mtamu kama Dompo. Lakini angalieni tuliyoyapima hadi hapa: joto, mwaka, ujazo, tarehe, mwendo wa mauzo. Hakuna hata kimoja kinachotegemea ulimi. Nusu ya ubaya wa orodha hugundulika kabla kizibo hakijatoka, na anayekimbilia kubishana juu ya harufu ya matunda ya porini mara nyingi hataki aulizwe kuhusu friji. Hata korosho ina sehemu ya ladha ambayo mzani hauifikii, ila hakuna mnunuzi aliyewahi kuitumia kama sababu ya kutopasua.

Nachingwea na Ruangwa bado hazina mgahawa wa hadhi wenye orodha ya mvinyo. Lakini madini ya kinywe yanaleta wageni Ruangwa, na nyumba za kulala wageni zimeanza kuulizwa mvinyo. Mwenye nyumba akinitaka ushauri, simwandikii majina mengi. Friji moja isiyozimwa, na jenereta kwa siku umeme unapokatika. Aina nne au tano za mvinyo, mbili za Dodoma, kila moja ikiisha kabla ya kuagiza nyingine. Na kwa kuwa wengi wa majirani zake, na wageni wake pia, ni Waislamu wasiogusa pombe, ukurasa wa juisi uandikwe kwa uangalifu uleule: ukwaju, choya, na mabibo katika msimu wake, yaliyokamuliwa asubuhi hiyo, saa yake ikiandikwa. Karatasi hiyo itatosha upande mmoja. Mpimaji akija, aweze kufungua kila kilichotajwa humo na kukikuta.