Ndizi Moja ya Mgeni, Shamba Zima la Mama Mdogo

Wadau, leo tuweke pembeni mambo ya nani kaachana na nani. Juzi staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, katupia klipu akimrushia nyani maandazi kutoka kwenye dirisha la gari. Komenti zote vicheko na makopakopa. Mimi sikucheka, na sababu ninayo.

Mimi ni mtoto wa Tabora, ila huu mwaka wa pili nipo Kigoma kwa mama mdogo, nauza vifaa vya simu. Njia ni ileile ya wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo hadi Ujiji, mimi tu nimekuja na treni. Nyumba ipo pembezoni, nyuma yake kilima chenye miti, na tumbili tunaishi nao kama majirani.

Sasa jirani mwingine ni dada mmoja kutoka Ulaya, kaja kujitolea. Kwao tumbili unalipa kiingilio kumwona. Alipowakuta juu ya bati alifurahi kama mtoto siku ya Idi! Kila asubuhi akawa anawawekea ndizi ukutani, anawapiga picha, anawatumia ndugu zake. Si mtu mbaya, na shikamoo yake haikosi.

Shida ni kwamba tumbili hajui tofauti ya ndizi ya zawadi na muhindi wa shambani. Akishazoea kupewa, woga unamtoka. Haukupita mwezi wakawa wanaingia mpaka jikoni. Mahindi ya mama mdogo yakaliwa yakiwa mabichi. Mtoto wake wa darasa la 4 akakosa shule siku kadhaa, yupo shambani na manati. Siku moja tumbili akampora andazi mkononi na kumng'ata kidole. Tukamuosha kwa maji mengi na sabuni, mbio hospitali, maana kichaa cha mbwa hakiletwi na mbwa tu.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alimfuata yule dada akamwambia, "Mwanangu, huyo unayemlisha asubuhi, mchana anakuja kula kwangu." Dada wa watu akabaki mdomo wazi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Na si jambo geni huku kwetu. Hapo Gombe, Jane Goodall alifika Julai 1960, na miaka hiyohiyo ya 60 sokwe wakawa wanapewa ndizi kambini ili waonekane kwa karibu. Sokwe wakajaa, nyani nao wakaja kudai fungu lao, ikawa ugomvi. Mwisho mpango wenyewe ukaachwa. Kama wataalamu ndizi ziliwashinda, sisi wa kupiga selfi tutaweza?

Yule dada aliacha. Siku za mwanzo tumbili walikaa ukutani wakimsubiri, wanagonga bati kama wanaodai kodi. Taratibu wakapungua, wakarudi kilimani. Sasa hivi anawapiga picha kwa mbali, na mtoto karudi darasani.

Kwa hiyo staa wangu jina kapuni, klipu ni nzuri na laiki umepata. Ila wewe gari lako linaondoka. Nyani uliyemfundisha kuomba anabaki na mama mwenye shamba, na mtoto mwenye andazi mkononi.

Mnaoishi jirani na hawa viumbe, huko kwenu mnafanyaje? Tiririka hapo chini.