Njia ya Sani: Motokaa Nzito na Gia ya Subira

Sisi wa Kivu twazijua barabara za milima. Aliyeshuka magenge ya Ngomo kutoka Bukavu kwenda Kamanyola, au aliyepanda yale ya Kabasha kwenye njia ya Lubero, hahitaji kuelezwa jinsi mtambo wa lori unavyolia, wala jinsi kijana msaidizi anavyokimbia nyuma na kabari mkononi. Leo twawaalika mtufuate mbali zaidi, mpaka kusini mwa Afrika, kwenye njia ambayo wenye motokaa nzito huitamani na kuiogopa pia. Njia hiyo yaitwa Sani Pass.

Ukuta wa milima

Lesotho ni nchi ya milima mitupu. Ni nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Upande wa mashariki milima ya Drakensberg yasimama kama ukuta kati yake na jimbo la KwaZulu-Natal la Afrika ya Kusini. Wazulu huiita uKhahlamba, jina lenye maana ya kizuizi cha mikuki, na atazamaye vilele vile asubuhi akubali kwamba jina limefaa.

Kutoka mji wa Durban, ulio pwani, mwendo wa kilomita 200 hivi wamfikisha msafiri katika vijiji vya Underberg na Himeville. Hapo njia yashika bonde la mto Mkhomazana na kuanza kupanda. Chini ni mita 1,544 juu ya bahari. Kileleni ni mita 2,876. Sehemu ya chini ni pole. Ugumu wenyewe uko kati ya vituo viwili vya mpaka, kile cha Afrika ya Kusini chini na kile cha Lesotho juu, umbali wa kilomita 9 hivi. Huko njia yajipinda kama nyoka aliyepigwa, kona juu ya kona, yenye kokoto na mawe yanayoteleza. Na wakati wa baridi theluji na barafu huifunika. Maafisa wa kituo cha chini hawaruhusu motokaa kupanda isipokuwa iwe ya kuendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Zamani ilikuwa njia ya punda na nyumbu. Walishuka na sufu ya kondoo na manyoya ya mbuzi wa Lesotho, wakapanda na unga wa mahindi. Mwaka 1948 Godfrey Edmonds, aliyekuwa rubani wa ndege za vita, alifaulu kufikisha jeep kileleni kwa msaada wa Wasotho. Mwaka 1955 David Alexander alianzisha kampuni ya uchukuzi iliyopeleka bidhaa mpaka Mokhotlong kwa motokaa.

Tukumbuke jambo moja juu ya jeep ile ya vita: aina yake ilikuwa nyepesi, uzito wake kama kilo 1,100 tu. Siku hizi wasafiri wengi hupanda na motokaa ya namna nyingine kabisa.

Nyumba juu ya magurudumu

Motokaa tunayoisema ni ile iliyogeuzwa kuwa nyumba. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, sanduku la baridi, tangi la maji, tangi la pili la dizeli, vyombo na magurudumu mawili ya akiba. Tuchukue mfano wa Toyota Land Cruiser ya namba 80, iliyotoka mwaka 1990, yenye mtambo wa dizeli wa lita 4.2 usio na turbo. Ikisha kujazwa hivyo hufika karibu tani 3, yaani karibu mara tatu ya jeep ile ya zamani.

Tena mlima wenyewe humnyang'anya dereva nguvu. Mtambo hula hewa kama vile unavyokula dizeli. Na kileleni mwa Sani mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu 3 katika 10 ukilinganishwa na pwani. Mtambo usio na turbo huhema kama mzee apandaye ngazi. Basi mzigo umezidi, pumzi imepungua, na njia yasimama wima. Dereva afanye nini?

Sanduku la pili la gia

Kila dereva alijua sanduku la gia la kwanza, lile linalobadilishwa kila mara safarini. Lakini motokaa ya magurudumu manne ina sanduku la pili nyuma ya lile la kwanza. Lina kazi mbili: kuigawa nguvu ya mtambo kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kumpa dereva nafasi ya kuchagua kati ya gia nyepesi ya barabara na gia nzito ya mlima. Katika jeep ya vita gia nzito iliongeza nguvu ya kuvuta karibu mara 2. Katika Land Cruiser ya namba 80 huiongeza mara 2.488, tuseme mara 2 na nusu.

Wenye motokaa-nyumba wengine huona hiyo haitoshi. Huko Australia, ambako safari za jangwani ni nyingi, mafundi hutengeneza magurudumu mapya ya meno ya kutiwa katika sanduku hilo la pili, ili gia nzito izidi kuwa nzito. Tufanye hesabu pamoja. Vijana wa shule watatusahihisha tukikosea.

Gia ya kwanza huzidisha mara 4 hivi, gia nzito mara 2.5, na difu ya ekseli mara 4.1. Zidisheni: mtambo lazima uzunguke mara 41 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Mtambo ukizunguka polepole mara 700 kwa dakika, gurudumu litazunguka mara 17. Na kwa kuwa mzingo wake ni mita 2 na nusu hivi, motokaa itakwenda kilomita 2 na nusu kwa saa. Sasa fundi aweke meno ya mara 3 mahali pa 2.5. Mtambo utazunguka mara 49 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na mwendo utashuka mpaka kilomita 2 na kidogo. Mwendo umepungua kwa sehemu moja ya sita. Nguvu ya kuvuta imeongezeka kwa sehemu moja ya tano.

Angalieni vema: mtambo ni ule ule. Hakuna nguvu mpya iliyozaliwa. Kilichopatikana kwa uzito kimelipwa kwa muda, kama vile mtu awezavyo kuinua jiwe kubwa kwa mti mrefu, lakini kidogo kidogo.

Na hasara ziko. Wengi, kabla ya safari, huweka magurudumu makubwa zaidi ili motokaa isiguse mawe. Gurudumu lililozidi kwa sehemu moja ya kumi huirudisha gia kuwa nyepesi kwa kiasi hicho hicho. Zaidi ya nusu ya faida tuliyoihesabu yaliwa na tairi. Tena fundi akishusha na gia ya barabara, mtambo utapiga kelele siku zote katika lami na dizeli itakwisha upesi. Ndiyo sababu wenye busara hushusha gia nzito peke yake, wakaiacha ile ya barabara kama ilivyo.

Kupanda

Sasa twarudi katika njia ya Sani. Kabla ya kona za kwanza, dereva husimamisha motokaa kabisa ndipo atie gia nzito. Kisha huacha mtambo uvute wenyewe, mguu wake ukigusa dizeli kwa upole. Motokaa yatambaa. Mtu atembeaye kwa miguu aweza kuipita. Lakini tazameni: magurudumu hayarushi kokoto, klachi haitoi harufu ya kuungua, na katika kona kali dereva aweza kusimama, kurudi nyuma kidogo, na kuanza tena bila kuruka. Mwenye gia nyepesi ashindwa hapo: lazima aende mbio ili mtambo usizime, na mbio ndizo zimpelekazo ukingoni.

Wala mtu asifikiri kwamba kwa gia nzito hakuna kuvunjika. Nguvu iliyozidi kwa sehemu moja ya tano hupita katika difu na katika vyuma vinavyozungusha magurudumu. Gurudumu likinaswa kati ya mawe, na dereva akakanyaga kwa hasira, chuma chaweza kukatika kama muwa.

Mpanda ngazi hushuka

Kileleni pana baridi na upepo, na macho huona mabonde ya Natal mpaka ukungu uyafiche. Si mbali kutoka hapo wainuka mlima Thabana Ntlenyana, mita 3,482, ulio mrefu kuliko yote ya kusini mwa Afrika. Wasafiri hupumzika na kufurahi kwamba kazi imekwisha. Kumbe iliyo kubwa ndiyo inawangoja.

Wazee walisema: mpanda ngazi hushuka. Aliyeshindwa kupanda husimama, akarudi. Aliyeshindwa kushuka hana pa kusimama. Motokaa ya tani 3 ikishuka mita 1,000 kwa breki peke yake, joto litokalo katika breki latosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji baridi. Joto hilo likiwa kali, breki huanza kulegea, na mguu wa dereva huzama bila kupata kitu. Mabaki ya motokaa zilizoanguka yameonekana katika mabonde ya Sani, yakiwaonya wapitao.

Hapo ndipo gia nzito hulipa gharama yake yote. Dereva huitia akiwa bado juu, penye tambarare, kisha hushuka bila kukanyaga klachi. Mtambo, uliokuwa ukivuta, sasa washika. Waizuia motokaa kama mchungaji ashikaye ng'ombe kwa kamba fupi, na breki zabaki baridi kwa ajili ya saa ya hatari. Gia iliyoshushwa kwa sehemu moja ya tano hushika kwa nguvu zaidi kwa kiasi hicho hicho. Wengi huitafuta kwa ajili ya kupanda. Sisi twaona faida yake kuu ni kushuka.

Kabla ya kumwita fundi

Basi mwenye motokaa nzito ajiulize kwanza maswali mawili. La kwanza: je, mzigo wote huu ni wa lazima? Lita 100 za maji zina uzito wa kilo 100, na kuzimwaga hakuhitaji fundi wala fedha. La pili: je, magurudumu haya makubwa ni ya kazi au ni ya kujionyesha? Akisha kupunguza, na bado mtambo walemewa, ndipo ashushe gia, kwa mkono wa fundi ajuaye, mahali safi pasipo vumbi, na beringi zilizochakaa zibadilishwe pamoja na meno.

Nasi tusiokuwa na nyumba za magurudumu tunalo la kujifunza kwa ajili ya magenge yetu wenyewe. Abiria wa Ngomo humsifu dereva afikaye mapema. Afadhali wamsifu yule atiaye gia nzito juu ya genge, akashuka polepole wakati wengine wakimpigia honi. Mwenda pole hajikwai.