Barua Kutoka Maskati: Sinema Niliyoitazama na Ile Ambayo Bado Sijaiona

Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama na Geita,

Huku Maskati joto la msimu huu, linalowafungia watu majumbani tangu adhuhuri hata jua lipungue makali, limenipa wasaa wa kutazama sinema kwa kadiri ambayo huko nyumbani ingeniletea sifa ya uvivu. Baadhi yenu mmeniuliza tunatazama nini. Nami, maadamu mmeuliza, nitatoa maoni yangu bila kuyapamba, mkijua kwamba mimi si mwanachuoni wa fani hiyo bali ni mtazamaji tu, niliyeanza kuipenda katika kibanda umiza cha Kahama, juu ya benchi lisilo na mgongo, zama zile sauti ya Lufufu mfasiri ilipokuwa ikiifunika sauti ya mchezaji mwenyewe, na hadithi aliyoitunga Lufufu aghalabu ikawa tamu kuliko ile iliyopigwa.

Majumba ya sinema ya hapa huonyesha filamu za Kimarekani, za Kihindi, na hata za Kimalayalam kwa ajili ya watu wa Kerala wanaofanya kazi katika mji huu. Kiswahili hakina nafasi humo. Kiswahili kipo sebuleni kwetu, kwenye runinga iliyounganishwa na intaneti, ambapo baada ya isha hukusanyika mashangazi waliozaliwa Tabora, Nzega na Shinyanga, ambao wazazi wao waliwarudisha Omani baada ya mwaka 1970, nao, ijapokuwa chaneli ni mia kadhaa, humtaka mchezaji filamu Kanumba. Wanajua kwamba Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984 na kusoma shule ya msingi Bugoyi, na kwa sababu hiyo humhesabu kuwa mtoto wa mtaa, mwenye haki ya kusamehewa mengi.

Na ya kusamehewa yapo. Gari linafika getini, linapiga honi, mlinzi anakuja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na dunia, geti linafunguliwa, gari linaingia, linageuzwa, linazimwa, mwenyewe anashuka, anatazama simu, anapanda ngazi, na sisi tunapanda naye ngazi zote, pasipo neno lililosemwa, mpaka mtu anatambua kwamba kisa cha saa moja kimenyooshwa hivyo ili kijaze kanda ya kwanza na ya pili, kila moja iuzwe kwa bei yake. Lakini mtazameni katika Uncle JJ, pamoja na wale watoto wanaojulikana kwa majina ya Jennifer na Patrick, jinsi anavyokubali kushindwa ujanja na watoto hao mbele ya hadhira, jambo ambalo mchezaji mwenye ghururi hawezi kulistahimili. Hapo mtaona kwamba kipaji kilikuwapo, na kilikuwa kikubwa.

Langu ni moja tu. Katika filamu zake nilizoziona, na ni nyingi, sikuiona Shinyanga hata kwa dirisha la basi. Makochi ni ya Dar es Salaam, mageti ni ya Dar es Salaam, na pale safari ilipokuwa ndefu, kama katika Dar to Lagos ya mwaka 2006, iliruka juu yetu ikaenda Nigeria. Simlaumu, kwa kuwa soko la kanda lilikuwa Kariakoo na mnunuzi alitaka kuona jumba asilolimiliki. Ila nasikitika, kwani aliyetuacha sisi aliacha mlango wazi, na walioingia kwa mlango huo ni wageni, na mgeni huja akitafuta lile alilolisikia.

Nimeitazama White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotunukiwa tuzo ya filamu ya kwanza bora katika tamasha la Venice la mwaka 2013. Imezungumzwa Kiswahili, na kisa chake ni cha kijana mwenye ualbino ambaye, baada ya babaye kuuawa, mama anamtuma mjini kwa mjomba, akazunguka juani akiuza miwani na simu. Kamera yake haitulii. Yatikisika, yakimbia, yapotea gizani, na mara mbili nilitaka kuizima. Lakini kijana Hamisi Bazili ana uso ambao haukuachii uondoke. Wala siwezi kusema kwamba tumezuliwa, ilhali sote twakumbuka damu iliyomwagwa Kanda ya Ziwa kwa itikadi ya kwamba viungo vya binadamu huvuta samaki na dhahabu, na kwamba ilikuwa Kahama, Septemba 2009, ambapo Mahakama Kuu ilihukumu watu 3 kunyongwa kwa kumwua mtoto wa Bukombe. Na kituo cha Buhangija, pale Shinyanga mjini, kilijaa watoto wenye ualbino waliohifadhiwa mbali na wazazi wao. Filamu ilipokwisha, mtoto wa ndugu yangu, aliyezaliwa huku na asiyepajua kwetu, aliniuliza, “Ami, na huko kwenu watu hucheka?” Kwa insafu nilimkumbusha kwamba hata ndani ya filamu ile watoto wanacheka na kutaniana, lakini lile swali lilinikaa moyoni.

Juzi basi tukatazama The 33, ya mwongozaji wa Kimeksiko Patricia Riggen, juu ya wachimbaji 33 wa Chile waliofukiwa Agosti 2010 na kutolewa wote hai baada ya siku 69. Ina kasoro zinazochekesha: Wachile wanaongea Kiingereza kilichotiwa lafudhi, kiongozi wao ni Antonio Banderas wa Hispania, na dada mwuza mikate ya nyama inayofanana na sambusa zetu ni Juliette Binoche wa Ufaransa. Hata hivyo pana onyesho moja lililoninyamazisha. Wale watu, kila mmoja na kijiko chake cha samaki wa kopo, wanaanza kuona mbele yao karamu, na mama zao na wake zao wakiwapakulia, wakila kwa adabu na kucheka, mpaka ndoto inaondoka na kijiko kinabaki.

Filamu ile ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 13 Novemba 2015. Siku mbili baadaye, tarehe 15, pale Nyangalata, wilaya ya Kahama, watu 5 walitolewa hai kutoka duara la wachimba dhahabu lililoporomoka tarehe 5 Oktoba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Wa sita alikufa humo humo. Hawakuwa na samaki wa kopo. Walikula mizizi, wadudu na vyura, na kunywa maji machafu. Sijui walipofumba macho waliona sahani gani, lakini nadhani palikuwa na matobolwa, na ugali, na sato wa ziwani, na mtu wa kusema karibuni. Tena lipo jambo ambalo mtunzi akilibuni ataambiwa amezidisha: waliingia shimoni Rais akiwa Kikwete, taifa likapiga kura tarehe 25 Oktoba, Magufuli wa Chato, jirani yao wa mkoa wa Geita, akaapishwa tarehe 5 Novemba, nao wakatoka wakiwa raia wa serikali wasiyoichagua wala kuikataa.

Chile ilikuwa na mashine za kutoboa miamba na kamera za dunia nzima mdomoni mwa mgodi. Sisi tulikuwa na wachimbaji wadogo, matimba, kamba na majirani, na wengi walikwisha kukata tamaa. Filamu ya kisa hiki mimi sijaiona. Akitokea wa kuipiga, namsihi asianze na maporomoko. Aanze na makarasha yakisaga mawe mchana kutwa, wanawake wakiosha mchanga mwaloni, mama lishe akidai deni lake, na vijana wakibishana juu ya mgombea, wakitupiana utani wa Kisukuma na wa kila kabila lililofuata dhahabu, na maandishi ya Kiswahili yawekwe chini kwa wasiosikia. Wala asitafute shujaa mmoja wa kuwafunika wenzake.

Sebuleni hapa ubishi wa nani achezeshwe uliendelea hata karibu na alfajiri. Vijana walitaja waimbaji, mimi nikataka nyuso ngeni. Shangazi mkubwa akakata shauri kwamba ni Kanumba. Tulipomkumbusha kuwa Kanumba alifariki Aprili 2012, alijibu kwamba anajua, na kwamba ndiyo sababu filamu yenyewe hatujaiona. Ikiwa miongoni mwenu yuko mwenye kamera na uvumilivu, na aniandikie. Mashangazi wameahidi kuchanga riali, kwa sharti kwamba magari yasipige honi getini.

Wasalaam,
Mwenzenu wa Maskati