Beji Zimenifundisha Kumaliza Nilichoanza

Mimi ni mama wa watoto watatu na mtumishi wa ofisini. Naandika ushuhuda huu kwa sababu maisha ya nyumbani kwetu yamebadilika, na natamani kaya nyingine zionje mabadiliko hayo.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kujua nusunusu. Nilihudhuria semina za ufugaji, nikatunza vipeperushi vya maofisa ugani, nikasikiliza vipindi vya kilimo redioni, daftari likajaa. Tunaishi pembezoni mwa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo ukichomeka kijiti ardhini kinaota. Hata hivyo hapakuwa na kazi hata moja ya uani ambayo ningeweza kumwonyesha mgeni nikamwambia: hii naijua, nimeifanya tangu mwanzo hadi mwisho, na aliye fundi kuliko mimi ameikubali.

Kilichonitoa huko ni beji za skauti. Binti yetu alijiunga na kundi la skauti shuleni kwao, akaja nyumbani na masharti ya beji aliyokuwa akiitafuta. Niliyasoma jioni ile nikiwa jikoni. Hapakuwa na swali la kuchagua jibu wala nafasi ya kujaza. Alitakiwa kuwasha moto, kupika, kufunga fundo, kufunga jeraha, na kila kitu akifanye mbele ya mtu anayekijua. Nikajiuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi na miwili apimwe hivyo, na mimi mtu mzima nijipime kwa wingi wa vipeperushi kabatini.

Utaratibu huu una zaidi ya karne. Robert Baden-Powell, ambaye alifanya kambi yake ya majaribio mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na ambaye amezikwa Nyeri, Kenya, tangu mwaka 1941, alijenga uskauti juu ya kujifunza kwa kutenda. Skauti wa Marekani walipotoa kitabu chao mwaka 1911, kilikuwa na beji 57. Ndani yake mlikuwa na beji ya ufugaji wa nyuki, ya kuku, ya ng'ombe wa maziwa, ya bustani, ya useremala, ya uashi na ya uhunzi. Hizo ndizo kazi ambazo majirani zangu huzifanya tangu alfajiri, wala hakuna anayewapa hata kauli ya asante. Kumbe kuna watu waliona zamani kwamba mtu anayeweza kutunza mzinga au kujenga ukuta ulionyooka anastahili alama ya heshima kifuani au mkononi.

Basi nikaamua kujiwekea beji zangu, za mtu mzima mwenye kaya. Niliandika masharti kabla ya kugusa jembe, ili nisije nikayalegeza kazi ikiwa ngumu. Kila beji nikaitafutia mtahini: mtu anayeishi kwa kazi hiyo, tena asiyeniogopa. Fundi cherehani wa mtaani alikubali kunishonea alama za vitenge, kila moja kwa rangi yake, za kubandikwa kwenye aproni ya kaki. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba hashoni mpaka mtahini mwenyewe amwambie.

Nieleze beji moja kwa kina, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha maana ya kupimwa: beji ya kuhifadhi mahindi. Niliichagua kwa kuwa nafaka isiyokauka si hasara ya shilingi tu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huzalisha sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na waliokufa walikuwa wamekula chakula cha kawaida cha nyumbani kwao. Sharti langu likawa: nikaushe, nipime, nihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa bila kutia dawa yoyote, na gunia lifunguliwe msimu ukigeuka mbele ya mtahini.

Mtahini wangu alikuwa bibi jirani, mkulima wa maisha yake yote. Nilipokwenda kumwomba alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuchukua mchicha?"

"Leo nimekuja kukuomba unitahini."

Aliacha maharage. "Mimi? Nikutahini wewe uliyesoma?"

"Ndiyo bibi. Mahindi."

Siku niliyodhani mahindi yamekauka, alikuja na khanga yake begani, akakaa. Nilikuwa nimejifunza kipimo cha chumvi, nikamwonyesha. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, unatia mahindi mpaka theluthi moja, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, unafunga na kutikisa kwa nguvu, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yapo chini ya hapo.

Wakati tunasubiri, bibi alichota punje kadhaa jamvini, akatia moja mdomoni, akaiuma. Hakusema neno. Akauma ya pili, akainamisha kichwa kama anayesikiliza. "Haijalia," akasema. Punje iliyokauka hupasuka kwa mlio, na hii ilibonyea kwanza ndipo ikakatika. Nikainua chupa kwenye mwanga. Chembe nyeupe za chumvi zilikuwa zimeshika kioo pande zote. Jino lake na chupa yangu vilisema jambo moja.

"Bado, mwanangu. Rudisha juani. Na usiku usiyaache nje, yatakunywa umande."

Nikayarudisha. Niliyakausha hata baada ya chumvi kuacha kuganda, kwa sababu mfuko usiopitisha hewa unataka nafaka iliyokauka zaidi, karibu na asilimia 13. Bibi aliuma tena, punje ikalia, akatikisa kichwa kukubali. Msimu ulipogeuka tulifungua gunia pamoja, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa mkavu. Hapakuwa na unga wa dumuzi wala harufu ya uvundo. Akaenda mwenyewe kwa fundi cherehani kusema: "Mshonee."

Hapo nilielewa kwamba beji ilikuwa imetuheshimu wote wawili. Bibi yule ana elimu ambayo haijaandikwa popote, na katika umri wake wote hakuna mtu mwenye cheti aliyewahi kukaa mbele yake kungoja hukumu. Sasa wanawake wa mtaa wetu humpelekea mahindi yao kabla ya kufunga magunia. Wanamwita mwalimu.

Beji ya kuku ilinifundisha somo jingine. Sharti lilikuwa kuku wote wachanjwe dhidi ya ugonjwa wa kideri wakiwa wazima, tarehe ziandikwe ukutani, na chanjo irudiwe kila baada ya miezi mitatu. Anayefuga kuku wa kienyeji anajua jinsi kideri kinavyofagia banda zima kwa siku chache. Chanjo ya matone ni rahisi: tone moja kwenye jicho, unamshika kuku mpaka apepese, basi. Lakini kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na kikishafunguliwa hakikai muda mrefu. Ikabidi nipige hodi kwa majirani. Leo tunachanga, tunachanja nyumba kwa nyumba, na vijana ndio washikaji wa kuku. Beji niliyoitafuta peke yangu imekuwa kazi ya mtaa.

Beji ya maji ya mvua ilinirudisha kwenye hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 1,200. Hata ukitoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na yale ya mwanzo ya kuosha vumbi la bati, tangi la lita 1,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja ya masika. Mwanangu wa pili, aliyekuwa akilia na hesabu shuleni, ndiye aliyeweka kopo uani na rula ndani yake. Fundi bomba aliyenitahini alimuuliza maswali yeye badala yangu, na kijana akajibu yote.

Wapo walioniambia kwamba beji ni mambo ya watoto, na kwamba mkulima wa kweli hahitaji kitambaa. Ninawajibu kwa heshima. Kitambaa chenyewe hakilimi. Kinachofanya kazi ni ahadi iliyoandikwa kabla ya kuanza na jicho la mtu anayejua kuliko wewe. Darasani nilipimwa kwa nilichokumbuka, nikasahau mengi baada ya mtihani. Uani nimepimwa kwa kilichosimama, kilichotaga na kilichodumu ghalani, na hayo siwezi kuyasahau kwa sababu tunayala kila siku.

Nimebadilika. Siku hizi nikisikia ujuzi mpya, siulizi semina ni lini. Nauliza ni nani hapa mtaani anaufanya vizuri, na atataka aone nini ili aridhike. Watoto wetu wanauliza hivyohivyo, na mume wangu sasa anatafuta beji ya uashi kwa fundi aliyejenga kisima cha jirani.

Ndugu msomaji, anza na beji moja. Chagua kazi ambayo kaya yako inaihitaji mwaka huu: mboji, bustani ya gunia, ushonaji, kukausha mboga, ufugaji wa nyuki. Andika masharti yasiyozidi ukurasa mmoja. Kisha nenda kwa mzee au fundi anayeishi kwa kazi hiyo, mwamkie, umwombe akutahini bila kukuonea haya. Wazee hawa wapo kila mtaa, na wengi wao wanasubiri kuulizwa. Waulize wangali hai.