Ngozi Nayo Hupumzishwa

Wahenga walinena kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa akisomea ualimu wa Kiswahili mjini Meru, aliifahamu methali hii tangu shule ya msingi na kuitumia katika insha nyingi. Hata hivyo, maana yake halisi hakuipata darasani. Aliipata mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa katika chumba chake cha kukodi, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, baridi na ukungu wa Mlima Kenya vilipokuwa vimeufunika mji.

Uso uliomtazama kutoka kiooni ulimtisha. Mashavu yalikuwa yamevimba na kugeuka rangi ya kutu. Ngozi ilibambuka kama maganda ya kitunguu, na pembe za mdomo zilikuwa zimepasuka. Hata maji ya uvuguvugu yalimchoma. Zilikuwa zimesalia wiki sita tu kabla ya kwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, kusimama mbele ya wanafunzi arobaini ambao macho yao hayafichwi kitu.

Asili ya masaibu hayo ilikuwa chunusi zilizomwanza akiwa kidato cha pili. Zenyewe zilipungua, lakini ziliacha madoa meusi ambayo hayakutaka kuondoka. Kwa kuhimizwa na rafiki yake, alijinyima chakula cha mchana kwa majuma kadhaa ili anunue krimu ya retinoidi, maji ya asidi ya glikoli na sabuni kali ya chunusi. Hatimaye alipita katika kibanda kimoja cha vipodozi, akauziwa kikopo kisicho na jina wala orodha ya viambato. Muuzaji alimhakikishia kuwa madoa yangetoweka kwa siku saba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nani huikumbuka methali anapoahidiwa uso mpya? Alipiga hesabu nyepesi: ikiwa kimoja chafaa, vinne vitafaa mara nne. Kila usiku alivipaka vyote, kimoja juu ya kingine, akalala akisikia uso ukimwasha na kujifariji kwamba huko ndiko kupona.

Daktari wa ngozi aliyemwona alimwagiza arudi na vyote alivyokuwa akivitumia. Alipoviona mezani, alikitenga kwanza kile kikopo kisicho na jina. Alimweleza kwamba mikorogo ya aina hiyo mara nyingi huwa na zebaki, hidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo. Steroidi, zikitumiwa kiholela, huikondesha ngozi hadi ikawa kama karatasi. Ndiyo maana Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, unakataza zebaki katika vipodozi vya kung'arisha ngozi.

Vile vitatu vilivyosalia havikuwa sumu. Kosa lilikuwa namna alivyovitumia. Tabaka la juu kabisa la ngozi, daktari alifafanua, ni kama ukuta: seli zilizokufa ni matofali, na mafuta yaliyo kati yake ni saruji. Asidi ya glikoli hulegeza saruji hiyo ili seli kuukuu zidondoke. Retinoidi, ambazo ni jamii ya vitamini A, huziharakisha seli za chini kujiumba upya. Tretinoini, mojawapo ya dawa hizo, imetumika kutibu chunusi tangu mwaka 1971. Mambo haya mawili ni mema, lakini kuyatenda kwa pamoja kila usiku ni sawa na kubomoa ukuta kabla fundi hajafika. Isitoshe, ngozi nyeusi ikiumia hujitetea kwa kutoa melanini zaidi, na melanini hiyo ndiyo huacha doa. Kwa hiyo, kila usiku aliojichoma ili kuyafuta madoa, alikuwa akiyapanda mengine.

Daktari alimwamuru aache kila kitu. Kwa majuma kadhaa angenawa kwa sabuni pole na kupaka mafuta yasiyo na manukato, basi. Uso ukishapona, angeanza mzunguko wa siku nne: usiku wa kwanza asidi, usiku wa pili retinoidi, usiku wa tatu na wa nne mafuta ya kulainisha tu, kisha angerudi mwanzo. Mpango huu ulivuma duniani mwaka 2022, ukienezwa na Whitney Bowe, daktari wa ngozi wa New York. Jina lake ni jipya, ila busara yake ni ya zamani, kwani madaktari wamekuwa wakiwashauri wagonjwa kuanza retinoidi kwa kuruka siku.

"Kwa hiyo usiku wa tatu na wa nne ni wa bure, Daktari?" aliuliza.

"Huo ndio usiku wa kujenga," alijibiwa.

Jibu hilo halikumwingia. Jumamosi iliyofuata alipanda matatu hadi Kibirichia kwa nyanya yake, mtandio ukiwa umemfunika uso hadi machoni. Ajuza huyo aliutazama uso ule kwa muda bila kusema neno, kisha akamwita waende shambani. Alimwonyesha kipande cha ardhi kilichoota majani tu, kando ya viazi vilivyostawi. Akasimulia jinsi miaka iliyopita bei ya viazi ilivyopanda, naye akavipanda hapo hapo msimu baada ya msimu, bila kubadilisha. Mnyauko ukaingia. Mimea ilisinyaa ingali mibichi, na kiazi kikikatwa kilitoa ute mweupe kama usaha. Ilimbidi apande mahindi, kisha aiache ardhi bila viazi kwa misimu kadhaa ili ugonjwa upungue udongoni.

"Watu walipita wakaniita mvivu, mjukuu wangu," alisema. "Waliona magugu. Hawakuona shamba likipona."

Jioni ile, kando ya meko, nyanya alimuuliza swali ambalo daktari hakuwa ameliuliza: "Ulitaka madoa yatoke, au ulitaka rangi itoke?" Msichana hakujibu. Kama mwanafunzi wa lugha, alijua kwamba kitenzi "chubua" kilimaanisha kukwaruza ngozi hadi itoke kabla ya kutumiwa kwa maana ya kujibadilisha rangi. Lugha yenyewe ilikwisha kumwonya, naye alikuwa amelipita neno hilo kamusini mara ngapi? Alikumbuka jinsi muuzaji alivyomnong'oneza kwamba pamoja na madoa "angeng'aa kidogo", na jinsi moyo wake ulivyoruka kwa furaha kusikia hivyo. Hilo lilimuuma kuliko uso.

Shule zilipofunguliwa, alikwenda kufundisha madoa yakiwa yangalipo. Kubambuka kulikuwa kumekoma, lakini hakuna muujiza uliotokea. Siku ya kwanza alisimama karibu na ubao, mgongo kwa wanafunzi, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Siku ya tatu alisahau. Alikuwa akifundisha methali, na mikono ilikuwa imeinuliwa darasa zima.

Mzunguko wake aliuanza muhula huo, kwa ratiba aliyoibandika ukutani kando ya ile ya vipindi. Ngozi ilipokauka kwa baridi, aliongeza usiku mmoja wa mapumziko, kwa maana ratiba si sheria. Asubuhi alipaka krimu ya kukinga jua, kwani Meru iko karibu na mstari wa Ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na miale hupenya hata mawingu. Alijifunza pia kwamba retinoidi hazimfai mama mjamzito, na kwamba manufaa yake huonekana baada ya miezi mitatu au zaidi. Mwaka ulipokwisha, madoa mengi yalikuwa yamefifia. Mawili yalibaki kwenye shavu la kushoto, naye akaacha kuyahesabu.

Vijana wengi wangali wanapiga hesabu ile ile ya vinne mara nne, si kwa nyuso zao tu. Hukesha usiku wote kabla ya mtihani, wakaudharau usingizi kana kwamba ni muda uliopotea. Ni vyema wakumbuke kwamba mwili, kama udongo, hautii amri ya mwenye haraka. Hupokea, kisha huomba muda. Asiyempa muda huo mkulima humwonya kwa shamba lililonyauka. Na asiyeupa mwili muda huo, kioo kitamwonya.