Waragi na Vichanganyio Vyake: Kutoka Shambani Hadi Sebuleni

Msafiri apitaye Uganda kutoka mashariki hadi kusini-magharibi hubadilishiwa chakula kila apitapo milima au mto. Hapa atapewa ugali wa ulezi, pale viazi, kwingineko matoke. Lakini kinywaji kikali atakachokikuta karibu kila mahali ni kimoja: waragi. Jina ni moja, ila asili yake si moja. Busoga, penye mashamba makubwa ya miwa, waragi hutokana na molasi, ule uji mweusi unaosalia sukari ikisha kutengenezwa. Lango na Acholi hutokana na muhogo uliochachushwa kwa kimea. Buganda na Ankole hutokana na ndizi. Basi mwenye nyumba anayetaka kuweka chupa kabatini kwa ajili ya wageni wake, yampasa kwanza ajue chupa hiyo imetoka wapi na imepitia mikono ya nani.

JINA LA KAMBINI

Asili ya jina hili inawahusu askari. Wapo wasemao kwamba waragi ni matamshi ya maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya “jini ya vita”, ambayo Waingereza walikiita kinywaji cha wenyeji. Wengine hulinasibisha na araki, neno la Kiarabu. Hao huwakumbuka askari wa Kisudani ambao Kapteni Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 na kuwaingiza katika jeshi lake. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo na kwingineko, nao wamesifika tangu zamani kwa ustadi wa kunereka. Iwayo yote, kinywaji hiki na kambi ni marafiki wa siku nyingi, na ndiyo maana habari zake zazihusu familia za askari kuliko watu wengine.

NDIZI, MTUMBWI NA PIPA

Katika vijiji vya Buganda na Ankole kuna ndizi zisizoliwa, ziitwazo mbidde. Hukatwa zikiwa mbichi, zikafukiwa shimoni au kutundikwa juu ya moshi mpaka ziive. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na majani makavu ndani ya mti uliochongwa mfano wa mtumbwi, mpaka maji yake matamu yajitenge. Maji hayo yakinywewa siku hiyo hiyo ni sharubati safi hata kwa mtoto. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa usiku kucha, huwa tonto, pombe ya harusi na matanga.

Waragi huja baada ya hapo. Pombe hutiwa katika pipa juu ya moto, na mvuke wake hupitishwa katika mrija uliozama ndani ya maji baridi, ukadondoka upande wa pili ukiwa kileo kikali. Mvuke wa ulevi huanza kupanda mapema, kwani ulevi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi za Sentigredi, na maji kwenye nyuzi 100. Kazi hii ni ya jasho, na imesomesha watoto wengi. Lakini pipa lililokuwa na mafuta au dawa ya kiwandani halisafishiki kwa maji ya mtoni, na mrija wa chuma kibovu huacha kutu na sumu ndani ya kinywaji.

PORT BELL

Kwa ajili hiyo serikali iliingilia kati. Wakati wa ukoloni unerekaji wa kienyeji ulipigwa marufuku, na watu wakaendelea nao vichakani. Mwaka 1965, miaka mitatu baada ya uhuru, ikatungwa Sheria ya Enguli. Enguli ni jina la kileo ghafi cha kijijini. Sheria ilitaka mnerekaji awe na leseni, na kileo chake kinunuliwe, kisafishwe upya kiwandani na kutiwa katika chupa. Hapo ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi, yenye nembo ijulikanayo hata nje ya nchi.

Port Bell, bandari ndogo ya Luzira kwenye Ziwa Victoria, iko kilomita zipatazo 10 kutoka katikati ya Kampala. Imepewa jina la Hesketh Bell, aliyekuwa gavana Mwingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Apitaye huko hukaribishwa na harufu ya kimea kutoka viwandani kabla hajauona upepo ukicheza juu ya ziwa. Tofauti ya Port Bell na pipa la kichakani si utamu tu. Kiwandani kileo hunerekwa upya na kupimwa, na nguvu yake huandikwa juu ya chupa.

KABALE, APRILI 2010

Tofauti hiyo ilionekana kwa machozi huko Kabale. Mji huo wa milima na ukungu, karibu na mpaka wa Rwanda, una baridi inayomfanya mtu atamani kitu cha kupasha mwili moto. Aprili 2010, katika muda wa majuma machache, watu wapatao 80 wa wilaya hiyo walikufa baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Nairobi nayo ilizika zaidi ya watu 100 kwa kileo cha namna hiyo mwezi Novemba 2000.

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Rangi yake ni ya maji, na harufu yake hudanganya. Wako waaminio kwamba waragi ikiwashwa kiberiti na kutoa moto wa buluu basi ni salama. La hasha! Kileo chenye sumu nacho huwaka vizuri. Dalili pia huchelewa: aghalabu ni baada ya saa 12 hadi 24 ndipo mtu huumwa kichwa na tumbo, akatapika, akaona ukungu machoni. Mgonjwa wa namna hiyo asilazwe apate “kulevuka”. Apelekwe hospitali upesi, kwani tiba ipo iwapo atawahi.

CHUPA YA KUWEKA NYUMBANI

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kanuni ya kwanza ya kinywaji kizuri ni chupa yenyewe. Nunua kwenye duka linalojulikana. Tazama kama kizibo hakijaguswa, kama karatasi imebandikwa sawasawa, na kama kuna alama ya Shirika la Viwango la Uganda. Bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine, jiulize nusu nyingine imekwenda wapi. Vile vipakiti vya plastiki tusivitafute tena: Tanzania ilivipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Chupa moja nzuri inayokaa miezi mitatu yafaa kuliko chupa tatu za mashaka zinazokwisha kwa juma moja.

VICHANGANYIO

Waragi haina majivuno. Hupatana na karibu kila tunda la soko la Nakasero. Kipimo cha kawaida ni sehemu moja ya waragi kwa sehemu nne za kichanganyio. Vijiko viwili vya chakula ni mililita 30, yaani toti moja.

Kwa toniki: tia barafu, toti moja, kamulia nusu ya ndimu, kisha mimina toniki polepole ili mapovu yasipotee. Uchungu wake watokana na kwinini, lakini ni kidogo mno. Asije mtu akadhani kwamba toniki yatibu malaria.

Kwa tangawizi: saga kipande cha tangawizi, chemsha na maji na sukari kidogo, chuja, acha kipoe, ongeza ndimu. Hiki chapendeza jioni za Kabale.

Kwa matunda: nanasi la Kayunga au machungwa ya Teso hutosha bila sukari. Pasheni ni kali, hivyo izimulie kwa maji.

Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu visichanganywe na kileo, kwani huficha ulevi bila kuuondoa. Tena sharubati hizo hizo ziandaliwe kwa wingi bila waragi, ziletwe katika glasi nzuri zile zile. Mgeni Mwislamu, mlokole, dereva na mama mjamzito wasiachiwe maji ya bomba kana kwamba wameadhibiwa.

HESABU YA ASKARI

Toti mbili za waragi ya asilimia 40 zina mililita 24 za ulevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25. Hivyo toti mbili ni sawa na chupa nzima ya bia, ingawa glasi yaonekana ndogo. Kichupa cha mililita 200 kina zaidi ya bia tatu.

Mwili huondoa ulevi kwa kadiri ya mililita 10 kila saa, wala kahawa na maji baridi haviuharakishi. Aliyemaliza kichupa hicho saa nne za usiku huenda bado ana kileo damuni karibu na saa kumi na mbili za asubuhi, wakati wa kupokea bunduki au kushika usukani. Kipimo cha polisi barabarani, kile waendeshaji wakiitacho kawunyemu, hakisikilizi maelezo.

Basi mwenye nyumba na apime mbele ya wageni wake, awapatie chakula kwanza, afunge chupa mapema, kisha aiweke juu pasipofikiwa na watoto. Ndizi za mbidde zimewafurahisha watu tangu enzi za mababu. Ni wajibu wetu tuzinywe kwa namna itakayotuwezesha kuamka kesho na kwenda kazini.