Jointi Tuliyoifunga kwa Tepu



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, bila shaka mnaikumbuka jioni ile ya mwezi wa Shaaban 1445, yaani Februari 2024, darasa la wadogo lilipofungwa ghafla na watoto wakatolewa kukaa barazani. Tuliwaambia kuna hitilafu ya umeme. Maneno yale yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote.

Taa ya darasa lile ilikuwa ikichezacheza kwa muda wa wiki mbili. Tulibadilisha balbu, ikatulia siku mbili, ikaanza tena. Jioni hiyo tulikuwa tunachemsha maji ya chai kwenye soketi iliyo karibu na mlango, ndipo binti mmoja akanyoosha mkono akasema, "Ustadh, kuna kitu kinanuka kama chupa ya plastiki inayoungua." Tukazima meni swichi, tukawatoa watoto, tukamwita fundi.

Fundi alipanda darini na tochi, nasi tukampandia nyuma. Juu ya mbao za kenchi akatuonesha nyaya zilizosokotwa pamoja na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tepu ilikuwa imeyeyuka, na ubao ulio chini yake ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

"Ustadh, hii alifunga nani?"

Tuliifunga sisi. Mwaka 2019 tulitaka kuongeza taa moja na soketi moja, fedha ya fundi haikuwepo, tukachukua kisu, waya na tepu tukafanya wenyewe. Siku ile taa ilipowaka tulijiona mafundi kweli. Kwa hiyo kwa miaka karibu mitano watoto wenu walisoma chini ya jointi ile.

Swali lililotusumbua ni hili: mbona sakiti breka haikukata? Fundi akatueleza kwamba breka huangalia wingi wa umeme unaopita, haioni jointi mbovu. Birika letu ni la wati 2000, na kwa volti 230 huvuta karibu ampea 8.7. Breka ya taa ilikuwa ya ampea 10, basi kwake mambo yote yalikuwa sawa. Lakini nyaya zilizosokotwa hupata moto zikatanuka, hupoa zikanywea, kila siku hivyo hivyo, mpaka msokoto unalegea. Hapo penye kulegea umeme hupita kwa taabu, na taabu ile hugeuka joto. Taa peke yake zisingelipasha moto kiasi kile, maana taa kumi za LED za wati 9 zote pamoja ni wati 90 tu. Birika moja lilikuwa zaidi ya mara ishirini ya hizo, na sisi tulilipitisha kwenye waya wa taa.

Tukafuatana na fundi mpaka dukani. Sisi tulidhani konekta ni konekta. Muuzaji akaleta zile za skrubu, zinazokatwa kwa kisu kutoka kwenye mstari wake, na fundi akatoa kipande cha sumaku ya spika ya redio, akakigusisha kwenye mirija ya ndani. Sumaku ikanasa. Akazirudisha: "Hiki ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba." Skrubu yenyewe inaweza kuwa ya chuma, akasema, lakini mrija unaoshika waya uwe wa shaba. Akachagua zile za kubana kwa klipu, aina ya WAGO 221, ambazo hupokea waya wa milimita za mraba 4 na chini yake, ganda linamenywa milimita 11, na plastiki yake inaangaza hivyo unaona kama waya umefika ndani. Zinashika pia waya wa nyuzinyuzi, ambao skrubu mara nyingi huukatakata.

Konekta nzuri ikiachwa wazi darini bado haitoshi. Lazima iingie kwenye boksi lenye kifuniko, ili sisimizi, mijusi na vidole visifike, na joto likitokea lisikutane na mbao. Hapa tulikosea tena, tukachukua boksi dogo la duara kwa kuwa lilikuwa rahisi. Fundi akatuhesabia: kebo tatu, kila moja ina waya wa moto, nyutro na athi, jumla nyaya tisa. Zikishindiliwa humo zitachomoka. Tukachukua la mraba, pana. Kwa taa ya nje, pale pa kutawadhia, akataka lenye alama ya IP65. Tarakimu ya 6 ni ya vumbi, na ile ya 5 ni ya maji yanayorushwa.

Fedha aliitoa ustadh mmoja mfukoni mwake palepale dukani, bila kuitisha kikao chochote. Hilo lilituuma kuliko doa la ubaoni.

Boksi sasa limefungwa karibu na tundu la dari, ili fundi alifikie bila kuvunja kitu. Soketi ya birika ina waya wake wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye breka yake yenyewe. Nanyi wanafunzi, msipande darini kutazama kwenu; mwambieni baba au mama amwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Nyumbani kwa mama yetu tumekuta jointi nyingine ya tepu, mkono ni ule ule wetu, nayo imeshabadilishwa. Imebaki nyumba moja ya jirani tuliyemsaidia kuongeza taa ya ukumbini. Jirani amehama na nyumba ina mpangaji. Tumekwenda mara mbili kubisha hodi, hatujamkuta.